Lavenda Haitaki Kubembelezwa

Ukiona lavenda imenyauka bustanini, usikimbilie ndoo ya maji. Kwanza fukua kidogo kando ya shina. Udongo ukiwa umeloa na mizizi imegeuka kahawia, laini, ujue imeoza. Kuimwagilia ni kuimaliza. Mmea huu asili yake ni miteremko mikavu yenye mawe ya ukanda wa Mediterania, na lavenda nyingi za nyumbani huuawa na maji, si ukame.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kupanda. Tafuta mahali panapopata jua saa 6 au zaidi kwa siku. Udongo wa mfinyanzi uinulie tuta la sentimita 20 hadi 30 na uchanganye changarawe. Udongo ukiwa na tindikali, weka chokaa. Lavenda hupenda pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ya 6.5 hadi 7.5. Samadi ipelekee mboga: naitrojeni ikizidi utapata majani tele na maua haba. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche ili hewa ipite.

Mbegu huota kwa kusuasua, hivyo heri vipandikizi. Kata ncha ya tawi lisilo na maua, sentimita 8 hadi 10, pukutisha majani ya nusu ya chini, kisha ichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini.

Kila maua yanapokwisha, pogoa thuluthi moja ya mmea, lakini usivuke sehemu yenye majani. Ukikata kwenye mti mkavu wa kahawia, tawi hilo mara nyingi halichipui tena.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, vijiua vichache vya kwanza vikiwa vimefunguka. Funga vishada vyembamba, uvining'inize kichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa. Maua yaliyokauka yatie kwenye vifuko vya kitambaa kabatini kufukuza nondo wa nguo. Harufu ikififia, kifikiche kifuko.

Kwa chai au keki tumia Lavandula angustifolia (lavenda ya Kiingereza) pekee, tena kidogo sana. Lavandini, chotara mwenye mashina marefu, ana kamfa nyingi na ladha yake hukaribia dawa. Mafuta ya lavenda hayanywewi kabisa. Yaweke mbali na watoto na paka.