Kompyuta ya Zamani Isipotambua Vifaa Vyake: Namna ya Kupata Draiva Sahihi

Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuelewana na kifaa fulani, kiwe kadi ya sauti, kadi ya Wi-Fi au printa. Inapokosekana au kuharibika, kompyuta huwaka kama kawaida, ila sauti haitoki, mitandao ya Wi-Fi haionekani, au maandishi ya skrini yanakuwa makubwa kupita kiasi kwa sababu mfumo unatumia draiva ya picha ya msingi tu. Wengi hapo hukimbilia kupakua draiva ya kwanza wanayokutana nayo, na tatizo moja huzaa mengine mawili. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu limeharibu kompyuta nyingi zilizokuwa nzima: usisakinishe chochote kabla hujajua kwa uhakika ni kifaa kipi kinachokosa draiva. Maelekezo haya yanahusu Windows 7 hadi Windows 10.

Anza na mambo mepesi. Kifaa cha nje kichomeke kwenye tundu jingine la USB na ukijaribu kwa waya mwingine. Kwenye kompyuta mpakato, hakikisha swichi ya Wi-Fi haijazimwa. Tazama pia tarehe na saa. Katika kompyuta yenye umri mkubwa, betri ndogo ya bodi mama, ambayo mara nyingi ni ya aina ya CR2032, huwa imekwisha, hivyo saa hurudi nyuma kila umeme unapochomolewa, na tovuti salama unazohitaji kwa ajili ya kupakua draiva hukataa kufunguka. Badilisha betri hiyo, rekebisha saa, ndipo uendelee.

Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Orodha ya vifaa vyote itafunguka, na chenye hitilafu kitakuwa na alama ya mshangao ya manjano, au mshale mdogo unaoelekea chini kikiwa kimezimwa. Kibofye mara mbili usome namba ya kosa. Namba 28 ina maana kwamba draiva haijasakinishwa kabisa, na 22 ina maana kwamba kifaa kimezimwa, hivyo kinahitaji kuwashwa tu. Namba 10 husema kifaa kimeshindwa kuanza, jambo ambalo mara nyingi husababishwa na draiva isiyolingana nacho. Namba 43 inahitaji tahadhari, kwa kuwa kifaa chenyewe ndicho kilichoripoti hitilafu, na huenda kimeharibika.

Ikiwa kifaa kimeandikwa kuwa hakijulikani, usikisie. Kila kifaa hubeba namba yake ya utambulisho, na namba hiyo ndiyo shahidi wa kuaminika kuliko jina lililobandikwa juu ya kasha. Katika dirisha lile lile fungua sehemu ya "Details", kisha uchague "Hardware Ids". Utaona mstari wenye VEN_ na DEV_, kila moja ikifuatwa na herufi au tarakimu nne. Sehemu ya kwanza humtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD na 10EC ni Realtek. Sehemu ya pili hutaja kifaa chenyewe. Kwa vifaa vya USB utakuta VID_ na PID_ badala yake. Nakili mstari huo kama ulivyo.

Kabla ya kutafuta, andika msinfo32 katika kisanduku kile kile cha awali (Windows pamoja na R) ili uone modeli ya kompyuta na aina ya mfumo. Draiva ya biti 32 haiwezi kufanya kazi kwenye Windows ya biti 64, hata kama jina la kifaa ni lile lile. Tafuta kwanza kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, chini ya modeli yako hasa. Usipoipata, bandika ile namba ya utambulisho katika Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya kupakua masasisho na draiva. Draiva ya Windows 7 au 8 mara nyingi hukubali kufanya kazi kwenye Windows 10, lakini draiva za picha za enzi ya XP hazikubaliki tena tangu Windows 8. Programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zote kwa mara moja ziepuke kabisa.

Kama kifaa kinachokosa draiva ndicho hicho cha mtandao, tumia waya wa mtandao, au pakua kwenye kompyuta nyingine na uhamishe kwa flashi.

Weka alama ya kurejesha mfumo (restore point), ili uweze kurudi kwenye hali ya sasa mambo yakiharibika, kisha usakinishe draiva ya chipseti (saketi kuu za bodi mama) kwanza, kwa kuwa vifaa vingine huitegemea. Ikiwa kisakinishi kinakataa kuanza, fungua kifurushi chake, tafuta folda yenye faili la .inf (lenye maelezo ya kusakinisha draiva), halafu uielekeze Windows kwenye folda hiyo kupitia ile orodha ya vifaa. Hali ikiwa mbaya zaidi, kitufe cha "Roll Back Driver" hurudisha draiva iliyotangulia.

Iwapo kila kitu kimeshindikana, washa kompyuta kwa Linux, mfumo endeshi mwingine, iliyo kwenye flashi bila kuisakinisha. Kifaa kikifanya kazi humo, ujue ni kizima na shida iko kwenye draiva za Windows. Kisipoonekana hata humo, kuna uwezekano mkubwa kuwa kimekufa, na adapta ya USB ya kuchukua nafasi yake itakuokolea muda.

Vifaa vyote vikishafanya kazi, tengeneza nakala ya draiva siku hiyo hiyo, kwa sababu watengenezaji huondoa draiva za modeli za zamani kwenye tovuti zao, na Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye Windows 10, tengeneza folda tupu iitwayo draiva katika flashi, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike pnputil /export-driver * E:\draiva, ukibadilisha herufi E ilingane na flashi yako.