Mtoto mchanga anapogombana na titi: hatua ninazofuata mimi

Juzi wifi yangu alinipigia simu saa mbili usiku, na nyuma yake mtoto analia mpaka sauti imekwaruza. "Wifi, mtoto hataki ziwa. Analishika, analitema, analitafuta tena. Mama anasema maziwa yangu mepesi." Mama huyo ni mama yangu mzazi, kwa hiyo niliondoka nyumbani nikiwa nimejipanga kwa adabu zote. Mtoto ana wiki sita kasoro siku mbili.

Mimi ni muuguzi, kliniki ya watoto ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa Tanga, na nimenyonyesha watatu. Wa kwanza alinitoa jasho kwa kosa nitakaloeleza kwenye hatua ya 5. Ninayoandika hapa ni ya mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, aliye chini ya miezi mitatu hivi, na ambaye hana ugonjwa.

Maana kama ana joto la nyuzi 38 au zaidi, amelegea na haamki kunyonya, utosi umebonyea, anatapika kijani, anapumua kwa shida, manjano ya macho yanazidi, au nepi imekaa kavu tangu asubuhi mpaka jioni, acha kusoma. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Hatua ya 1: Hesabu nepi

Kilio hakipimi maziwa. Mkojo unapima. Kuanzia siku ya tano au ya sita baada ya kuzaliwa, mtoto anayepata maziwa ya kutosha analowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake ni mweupe mweupe. Pampasi zinadanganya kwa sababu zinafyonza; chukua moja kavu, imwagie vijiko vitatu vikubwa vya maji, uishike mkononi. Uzito huo ndio unaoutafuta. Mimi napenda nepi za kitambaa, zinasema ukweli.

Kisha fungua kadi ya kliniki. Mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo, halafu anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa akifikisha wiki mbili hivi, na baada ya hapo mstari upande. Kama haupandi, mpeleke kliniki kabla ya kujaribu lolote hapa chini.

Kwa wifi sikuuliza, nilitoka uani nikahesabu mwenyewe kwenye kamba: nepi nane, na ya tisa ilikuwa imemlowea. Mama akakaa kimya kidogo.

Jambo moja mama zetu hawatuambii. Kilio cha watoto wengi hufika kileleni karibu na wiki ya sita. Wiki hizohizo matiti yanalainika, hayajai tena mpaka yakawa mawe, kwa sababu mwili umeshajua mtoto anahitaji kiasi gani. Na wiki hizohizo ndipo arobaini inapotoka: mkandaji ameaga, jamaa wamerudi kwao, mama amebaki peke yake na mtoto anayelia na matiti laini. Mtu yeyote atasema maziwa yamekauka. Wengine watakwenda mbali zaidi waseme mtoto amebemendwa. Hesabu nepi.

Hatua ya 2: Angalia anaanza kulia wakati gani wa kunyonya

Akikataa kabla hata hajaonja, mara nyingi ameshapitiliza njaa, au pua imeziba na hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja, au amezoea chupa. Akianza ndani ya dakika moja mbili, akakohoa na kujikunja, ruka mpaka hatua ya 5. Akinyonya vizuri dakika kadhaa ndipo akaanza kulivuta titi kama mpira, mcheulishe kwanza. Akiendelea, soma hatua ya 6. Akikataa upande mmoja tu, mguse taratibu: huenda juzi alichomwa sindano za wiki ya sita na unambana paja lile lile linalouma.

Mchungulie na mdomoni. Utando mweupe mashavuni ambao haufutiki kwa kitambaa ni fangasi, na mnatibiwa wote wawili, yeye mdomo na wewe chuchu, la sivyo mtarudishiana.

Hatua ya 3: Mtulize kwanza

Mtoto anayelia kwa nguvu hawezi kushika titi, ulimi wake uko juu. Na tafadhali usimsukume kisogo kumrudisha. Atajipinda kama upinde, na kesho akiona tu unafungua blauzi ataanza kulia. Vua blauzi, mbakishe na nepi tu, mlaze kifuani kwako, jifunikeni khanga. Zima taa kubwa. Ukiona bado, tembea naye chumbani mpaka asinzie, kisha mpe akiwa nusu usingizini. Wengi wanaokataa wakiwa macho wanakubali hivyo.

Hatua ya 4: Mshikishe

Ulifundishwa wodini. Mdomo wazi kama anapiga miayo, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje. Ukiumia, penyeza kidole kidogo pembeni ya mdomo wake, mtoe, anza upya.

Hatua ya 5: Kama maziwa yanatoka kwa kasi

Hapa ndipo mimi nilipoteza wiki tatu nzima za mwanangu wa kwanza. Alikuwa anashika titi, anameza gudu gudu gudu, halafu anapaliwa, analiachia, na analia kwa hasira. Kila mtu alisema maziwa hayatoshi. Nikaletewa uji wa pilipili manga, supu ya pweza, supu ya kuku, uji tena. Nami nikawa nakamua baada ya kila mnyonyesho "ili yaongezeke." Yakaongezeka kweli! Mtoto akazidi kulia. Siku moja akaliachia titi na maziwa yakaruka mpaka kwenye neti ya mbu. Nikaitazama ile neti. Muuguzi mzima nilikuwa namzamisha mtoto, nikidhani namnyima.

Dalili zake ni hizi: anapaliwa au kukohoa maziwa yanaposhuka, anatoa sauti ya kugonga ulimi, anavuta hewa nyingi na kujamba sana, anatoa choo cha kijani chenye povu, anacheua, lakini uzito unapanda vizuri. Hilo la mwisho usiliache. Kama uzito haupandi, tatizo lako silo hili.

Kwanza, badilisha mkao. Egemea nyuma kwenye mito au ukutani, mlaze mtoto juu yako, tumbo kwa tumbo, kichwa chake kikiwa juu ya chuchu. Maziwa yatalazimika kupanda mlima. Mito maalumu ya kunyonyeshea inayouzwa madukani sijaona kazi yake hapa. Khanga mbili zilizokunjwa chini ya kiwiko zinatosha.

Pili, acha mruko wa kwanza upite. Mshikishe, na ukisikia ule mchomochomo wa maziwa kushuka au ukimwona anameza harakaharaka, mtoe, kinga kwa kitambaa mpaka mruko upungue, kisha mrudishe. Atalalamika nusu dakika. Mvumilie.

Tatu, usikamue mpaka titi liishe. Titi linalomalizwa linaamriwa litengeneze zaidi. Kama limejaa mpaka mtoto hawezi kushika, kamua kwa mkono kidogo tu, lilainike mbele. Mashine ya kukamulia iweke kabatini kwa sasa.

Nne, na hapa soma pole pole: unaweza kumpa titi lile lile kila anapotaka kwa muda wa saa tatu hivi, kisha uhamie jingine, ili maziwa yapungue kidogo. Inasaidia, lakini nimeona akina mama wakiiharibu. Usiifanye wiki nne za mwanzo, maziwa bado yanajipanga. Usiifanye kabla mtoto hajapimwa uzito. Usiifanye siku nyingi mfululizo bila kurudi kliniki, maana maziwa yanaweza kupungua kupita unavyotaka. Titi linalosubiri likiuma, kamua kidogo upate nafuu. Ukipata sehemu ngumu, nyekundu, pamoja na homa, hilo ni jipu linalonyemelea, nenda ukaonwe na endelea kunyonyesha. Wengi hawafiki hatua hii ya nne, mkao peke yake unawatosha.

Wifi yangu aliegemea ukuta, mtoto juu. Alipaliwa mara moja, akaendelea. Dakika kumi na mbili. Mwanzoni mama alisema hajawahi kuona mtoto akinyonya kama mjusi darini.

Hatua ya 6: Kama maziwa yanachelewa

Kitambaa cha maji ya vuguvugu kwenye titi, likande kidogo, ndipo umpe. Anapoacha kumeza, libane taratibu kwa mkono ili yatiririke. Akichoka kabisa, hamia upande wa pili. Hofu na maumivu huzuia maziwa kushuka, kwa hiyo mgeni anayekukodolea macho akisubiri kuona kama yatatoka, mpe kazi jikoni.

Hatua ya 7: Jioni

Kuanzia magharibi mpaka saa tatu nne hivi, watoto wengi wachanga wanataka kunyonya kila baada ya nusu saa, na katikati wanalia. Mpe kila anapotaka. Hapa ndipo chupa, maji ya sukari na dawa ya chango vinapoingia nyumbani, nami navikatalia vyote vitatu mlangoni. Mtoto chini ya miezi sita hahitaji maji hata kwa joto la Tanga la mwezi wa pili. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Ukilazimika kumwachia mtu maziwa uliyokamua, tumia kikombe kidogo.

"Sisi tuliwapa maji na mkakua," mama aliniambia.

"Ni kweli, mama. Lakini huyu mbebe wewe, mkono wako ameuzoea."

Akamchukua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa kwenye kiwiko, akawa anazunguka naye ukumbini akimwimbia. Wifi akala chakula chake kikiwa bado cha moto, akanyonyesha tena mara mbili. Saa nne kasoro mtoto akalala. Mama akauliza lile chupa zima la uji wa pilipili manga sasa nani atakunywa. Nikaunywa mimi.