Vile unaweza kupima namba tasa kubwa na kabambe yako (simu ya kubonyeza)

Madenti wangu wa tuisheni hapa Kondele wakisikia kuna namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) ya tarakimu 41,024,320 wanauliza nani alikaa akaigawanya na kila kitu. Hakuna. Kuna njia inaitwa Lucas-Lehmer, hata wewe utaiweza, bora tu namba yako iwe 2 kwa kipeo fulani toa 1, na hicho kipeo pia kiwe tasa, kuanzia 3 kwenda juu.

Hatua ya 1. Chagua kipeo. Tuchukue 7, 2 ikijizidisha mara saba ni 128, toa 1, tunapima 127.

Hatua ya 2. Anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, umepata 14. Rudia na 14, unapata 194. Hiyo imepita 127, sasa tunataka baki yake peke yake ukigawanya na 127.

Hatua ya 3, na hapa ndio kuna utamu. Usigawanye na 127, gawanya na 128, juu kila 128 ni 127 na chenji ya 1, kwa hivyo angalia 128 imeingia mara ngapi halafu ujumlishe na kilichobaki. 194 imeingia mara 1 ikabaki 66, hiyo ni 67. 67 mara 67 toa 2 ni 4487, inaingia mara 35 inabaki 7, tuko 42. 42 inaleta 1762, yaani 13 na 98, 111. 111 inaleta 12319, 96 na 31, hiyo ni 127 yenyewe, na baki ya 127 ni sufuri. Imeisha! Kompyuta inapenda hii sana, kwake kugawanya na 128 ni kukata tarakimu saba za mwisho tu, zile zake za 0 na 1, haigawanyi kitu.

Hatua ya 4. Raundi ni kipeo toa 2, hapo tulifanya 5, usipunguze usiongeze. Raundi ya mwisho ikitoa sufuri ni tasa, ikitoa kingine si tasa. Jaribu 2047 (kipeo 11, raundi 9, gawanya na 2048), utaishia 1736. Na kweli 2047 ni 23 mara 89, ingawa jaribio halikwambii hizo mbili, linakataa tu basi, na mimi naona hiyo ndio maajabu yake.

Ile kubwa ni 2 kwa kipeo 136,279,841 toa 1, aliipata Luke Durant wa Marekani, Oktoba 2024. Mashine ya Dublin ilishuku kwanza, nyingine ya San Antonio, Texas, ikathibitisha kwa raundi hizi hizi, 136,279,839.

Hatua ya 5, kama unataka kuhesabu tarakimu zake mwenyewe. Zidisha kipeo na 0.3010299957, tupa desimali, ongeza 1. Usifupishe kuwa 0.30103 vile watu wamezoea, kwa kipeo kikubwa hivi utapata 41,024,321, moja zaidi.