Mahojiano ya kodi: zoeza mdomo kabla ya vidole

Kodi ninayoizungumzia hapa si ile keateka hubishia mlango tarehe tano. Ni ile ya kompyuta, maagizo ambayo vitabu huyaita msimbo na sisi kazini tunayaita kodi tu. Na mahojiano ni yale ya kuomba kazi ya kuiandika.

Mara ya kwanza kuitwa mahojiano na kampuni kubwa nilikuwa naishi bedsita Kahawa West, Nairobi, na nimeajiriwa na kampuni ndogo ya programu kule Ngong Road. Nilikuwa nimetatua maswali mia mbili na kitu kwenye LeetCode, tovuti ya mazoezi ya maswali ya kodi, najiona niko tayari. Nilianguka raundi ya kwanza. Na swali lenyewe nililijua! Nilinyamaza kama dakika ishirini hivi, nikaandika jibu, nikaliwasilisha kama karatasi ya KCSE. Mhoji akaniuliza kwa nini nimechagua njia ile. Nikamjibu, "Kwa sababu inafanya kazi."

Yule mtu hakuwa anasahihisha mtihani. Alikuwa anataka kujua kama anaweza kukaa na mimi kwenye meza moja, tukikuna kichwa juu ya tatizo ambalo hakuna anayejua jibu lake. Mtu aliyenyamaza hamwonyeshi hilo. Kwa hivyo mengi nitakayoeleza hapa ni ya mdomo. Ya vidole nitayapitia haraka.

Jipe miezi mitatu kama una kazi ya mchana. Mimi niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikasoma kwa saa moja na nusu kabla ya kupanda matatu. Chagua lugha moja ya kuandikia kodi, usiiache. Nilichagua Python kwa kuwa haina maneno mengi, na ndani ya dakika 45 za mahojiano kila mstari una bei yake. Anza na safu na maandishi, kisha jedwali la hashi, vielekezi viwili, dirisha linaloteleza, utafutaji wa nusu kwa nusu (kutafuta kwenye orodha iliyopangwa kwa kuikata katikati kila mara), halafu miti na grafu. Ile mbinu ya kuhifadhi majibu ya maswali madogo ili usiyatatue upya, wanayoiita DP (dynamic programming), iache mwisho. Nimeona watu wakianza nayo wakakata tamaa wiki ya pili. Swali likikushinda kwa dakika 30, soma jibu bila aibu, lifunge, kisha baada ya siku tatu lirudie bila kuangalia. Maswali 80 uliyoyarudia yanazidi 300 uliyopita kama abiria wa Thika Road.

Sasa mdomo. Mama yangu huuza viatu vya mitumba soko la Gikomba. Jumapili moja, kwa kukosa mtu wa kunisikiliza, nikamweleza yeye swali ambalo kila anayejiandaa hukutana nalo: una orodha ya namba na jumla fulani, tafuta namba mbili zinazofikia jumla hiyo.

"Namba ngapi?"

"Laki moja."

"Na wewe unazitafutaje?"

Nikamwambia nachukua ya kwanza naijaribu na zote zilizobaki, halafu ya pili, halafu ya tatu. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Gunia likifunguliwa viatu vimeachana, unadhani nashika kimoja nikilinganishe na vyote? Ningeuza saa ngapi, mwanangu?"

Akanieleza. Anaokota kiatu, tuseme cha kulia, cheusi, namba 40. Anatupa jicho pale kwenye turubai ambapo huweka vya kushoto, vyeusi, namba 40. Mwenzake akiwepo, jozi imepatikana. Asipokuwepo, anakiweka hicho mahali pake na kuokota kingine. Kila kiatu anakishika mara moja tu.

Hilo ndilo jedwali la hashi, na kwenye Python ni kamusi (dict) ya kawaida. Jumla ikiwa 100 na umeshika 40, jiulize kama 60 imeshapita. Kama haijapita, weka 40 kwenye kamusi, songa mbele. Njia yangu ya kwanza ingelinganisha jozi 4,999,950,000. Ya Mama inagusa namba 100,000. Kwa lugha ya mahojiano, umetoka O(n²), kazi inayokua kwa mraba wa idadi ya namba, ukaingia O(n), inayokua sambamba na idadi hiyo. Na gharama yake? Nilimuuliza, akasema, "Turubai lazima liwe kubwa." Ndiyo hiyo: umenunua muda kwa kutumia kumbukumbu zaidi. Sema hivyo kwa sauti hata kama hujaulizwa. Na angalia mtego mmoja: tazama kwanza, ndipo uweke. Ukiweka kwanza, jumla ikiwa 80 na namba ni 40, itajioa yenyewe.

Tangu siku hiyo kila swali nililieleza kwa Kiswahili kwanza, kwa mtu asiyejua kompyuta, halafu kwa Kiingereza, kwa sababu mahojiano mengi huendeshwa kwa Kiingereza na ulimi nao huhitaji kuzoea. Ukikosa mtu, jirekodi kwa simu. Utachukia sauti yako, lakini utasikia ni wapi unaguna sekunde arobaini bila kusema neno. Mara moja kwa wiki tafuta mwenzako mhojiane kwa zamu, yeye amezima kamera, wewe unaandika kwenye ukurasa mtupu usioweza kuendesha kodi. Kuna wahoji wanaotumia ukurasa kama huo, na bila mistari myekundu ya kukuonya utashangaa ni mara ngapi unasahau nukta mbili.

Zile dakika 45 zigawe hivi. Tano za mwanzo usiandike chochote. Uliza: namba zinaweza kuwa hasi? Zinajirudia? Orodha ikiwa tupu nirudishe nini? Kisha taja njia ya kijinga, ile ya jozi zote, useme gharama yake, ndipo upendekeze nyingine. Ngoja mhoji akubali. Watu wengi hurukia kodi hapa, na mhoji akikwambia dakika ya 25 kwamba umelielewa swali vibaya, hakuna wa kukuokoa. Ukiandika, simulia sababu za mistari, usiisome. Acha dakika nane za kujaribu kwa mkono, ukifuata namba moja moja, hasa pembezoni: orodha tupu, namba moja tu, namba kubwa kupita kiasi. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch aliandika kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu ndani ya maktaba ya lugha ya Java ulikuwa na kasoro: ukijumlisha ncha mbili ili upate katikati, jumla inaweza kupita 2,147,483,647, kikomo cha namba nzima ya kawaida (int) ya Java, ikageuka hasi. Kasoro hiyo ilikaa humo karibu miaka tisa. Kama hata kwa wale ilikaa, wewe pia jaribu pembezoni.

Jambo dogo la Python ambalo limewaangusha wengi ninaowajua: kutoa kitu cha kwanza kwenye orodha kwa pop(0). Fikiria foleni ya matatu pale stejini, wa mbele akipanda wote wanasogea hatua moja. Watu laki moja, hatua karibu laki moja kwa kila anayepanda. Tumia deque, foleni ya Python inayotoa wa mbele bila kuwasogeza wengine.

Raundi ya tabia msiidharau. Hapo huulizwa habari za ugomvi kazini, mradi uliofeli, uamuzi mgumu. Sisi tumelelewa tusijisifu, kwa hivyo kila kitu ni "tulifanya", "tulirekebisha". Mhoji mmoja alinikatiza akauliza, kwa upole tu, "Na wewe hasa ulifanya nini?" Nikababaika. Andaa visa vitano au sita vya kweli, kila kimoja na hali ilivyokuwa, ulichotakiwa kufanya, ulichofanya na matokeo, kisha pita na kalamu ukibadilisha "tuli-" kuwa "nili-" pale ambapo kweli ulikuwa wewe. Wengine wakifanya, wataje.

Ya siku yenyewe. Stima itapotea, hilo lichukue kama jambo la uhakika. Chaji kompyuta usiku, nunua betri ndogo ya ruta, na uwe na bando kwenye simu yenye laini ya mtandao mwingine. Chini ya dirisha langu kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti. Nilimwomba anipe saa moja ya kimya, akakubali kwa soda. Kama ploti yako ni ya kelele zaidi ya hapo, azima chumba cha ndugu.

Kisha saa. Niliwahi kualikwa na kampuni ya London, saa 10:00 asubuhi kwao, Jumatatu. Wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa saa tatu, nikaandika daftarini "saa saba mchana". Jumapili ya mwisho ya Machi, yaani jana yake, wao walisogeza saa mbele, tofauti ikawa saa mbili. Mahojiano yalianza saa sita. Saa sita mimi nilikuwa kibandani nangoja chapati madondo. Marekani nao hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. California iko nyuma yetu kwa saa kumi au kumi na moja kulingana na msimu. Andika saa ya kwao na ya kwetu, na usiandike "saa kumi" pasipo kusema ni kumi ya nani.

Siku hizi huhitaji hata kuhama ili ufanye kazi hizi. Microsoft ilifungua kituo chake cha uundaji programu hapa Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Mhoji wako basi anaweza kuwa mtu anayepanda matatu ileile. Usidhani atakuwa mpole zaidi.

Mkimaliza, kabla hujampigia mtu simu, andika wapi ulikwama, neno gani lilikupotea, dakika ngapi zilikuponyoka. Maswali yenyewe usiyasambaze kwenye magrupu ya WhatsApp, maana kampuni nyingi hutaka uyatunze siri. Ukikataliwa, mara nyingi utaambiwa ungoje miezi kadhaa, pengine mwaka, kabla ya kujaribu tena, na bila daftari utakuwa umesahau yote. Langu lina kurasa mbili za raundi ile niliyoanguka. Juu ya ya kwanza nimeandika, kwa herufi kubwa: NILINYAMAZA.