Nusu marathoni ya Januari Charleston: vaa sweta la kuacha njiani

Kwa mnaojiandaa kukimbia kilomita 21 mjini Charleston, South Carolina, mwezi Januari: funga namba kwa pini kwenye fulana nyepesi, kisha juu yake vaa sweta kuukuu la zipu, lile ambalo hutalilia ukiliacha. Alfajiri huko baridi hushuka hadi nyuzi 5 hivi za Selsiasi na mnasimama kitambo mkisubiri kuanza, lakini mchana hufika kama 15, na mwili unaokimbia hujipasha wenyewe. Jasho la kwanza likitoka, fungua zipu, livue huku unakwenda, liache pembeni kwenye kituo cha maji. Tafadhali, si katikati ya njia. Wa nyuma atajikwaa. Lisiwe la kuvulia kichwani, maana linakuziba macho na kung'oa pini. Wala usichelewe: hewa ya pwani ina unyevu, jasho halikauki upesi, na fulana ya ndani ikilowa utaanza kutetemeka upepo ukikupiga. Siku ya mvua, au kama unapanga kutembea sehemu kubwa, mbinu hii haifai. Vaa koti jepesi la kuzuia upepo, ubaki nalo hadi mwisho.