Kutoka Muscat Ijumaa asubuhi, na kurudi wote

Alhamisi jioni nikishatoka zamu, kabla hata sijavua sare, nafungua friza na kulaza chupa za maji. Nazijaza nusu tu na kuzilaza ubavu, ili asubuhi nikimimina maji ya kawaida juu ya ile barafu, nipate maji baridi mpaka saa sita mchana. Safari ya milimani huwa imeshaamuliwa hapo, usiku wa kuamkia. Mlimani hakuna tena cha kuamua isipokuwa kuendelea au kugeuka.

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Muscat, Oman. Nilikulia Muheza, chini ya Usambara, ambako ukipanda mlima unakutana na kivuli, kijito, na mama mwenye beseni la ndizi. Milima ya Hajar ni mawe matupu. Haina mti wa kujificha jua wala mtu wa kumwomba maji. Ilinichukua msimu mzima kuacha mazoea ya nyumbani, na nayaandika haya kwa ajili ya wenzetu wanaofika sasa, wauguzi, madereva, walimu, dada wa kazi za ndani, ambao wikendi yote wanalala chini ya kiyoyozi wakiamini huko nje hakuna kitu. Kipo. Ni nchi nzuri mno kuikosa.

Msimu wake ni kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Machi. Kiangazi, Muscat hupita nyuzi 40, na hapo sitembei popote ila mlima wa Jebel Akhdar, kwenye uwanda wa Saiq ulio mita 2,000 hivi juu ya bahari, kwenye ubaridi wa afadhali.

Watu kwanza

Sisi huwa watano hadi saba, kwa magari mawili. Mawili kwa sababu moja likikwama au mtu akiumia, la pili linatoka kutafuta msaada. Kabla ya safari namuuliza kila mtu peke yake, si kwenye kundi la WhatsApp: unajua kuogelea? Urefu unakutisha? Una pumu, sukari, presha, mimba? Kwenye kundi kila mtu ni shujaa. Faraghani watu husema kweli. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta inakaa mfukoni mwake, haibaki garini.

Kisha uliza ruhusa ya kazi inaishia saa ngapi. Dada mmoja kati yetu, mtu wa Korogwe, anafanya kazi za ndani. Ruhusa yake ni Ijumaa asubuhi mpaka magharibi, basi. Kwa hiyo Ijumaa zote tunahesabu kurudi nyuma kutoka saa yake: magharibi awe mlangoni, kwa hiyo saa tisa tuwe garini, kwa hiyo saa tano na nusu tugeuke popote tulipofika. Tukichelewa, sisi wengine tunapoteza usingizi tu. Yeye anaweza kupoteza ruhusa ya wiki zote zinazofuata. Safari ndefu kama ya mlima wa Jebel Shams tunaziweka Jumamosi, na tunamwambia mapema ili asione tumemficha.

Wanaosali Ijumaa nao wanataka kuwa karibu na msikiti ifikapo saa sita. Ukipanga njia, angalia kijiji cha karibu kiko wapi. Na petroli weka Alhamisi, maana saa hiyo maduka mengi hufungwa.

Kila mtu abebe kadi yake ya ukaazi. Namba ya dharura ya polisi ni 9999. Ihifadhi kwenye simu, lakini ujue kwamba ndani ya makorongo mtandao hupotea. Mimi hukumbuka mahali pa mwisho niliposhika mtandao, ili nijue pa kumtuma mtu mbio.

Anzia Riyam

Usimpeleke mgeni Jebel Shams siku ya kwanza. Anzia mjini. Karibu na bustani ya Riyam kuna njia ya zamani inayopanda kwa ngazi za mawe, inavuka mgongo wa mlima na kushukia Muttrah. Ni kilomita mbili na ushee, na kwa mwendo wa kupumzika inachukua kama saa mbili. Fuata alama zilizopakwa kwenye mawe, njano, nyeupe na nyekundu. Rangi hizo hizo utazikuta kwenye njia nyingi za Oman. Ukitembea dakika kumi bila kuona alama, rudi hadi ile ya mwisho uliyoiona. Usikisie.

Hapo ndipo utakapojua kundi lako. Nani anapumua kwa shida, nani viatu vyake vinateleza, nani anakimbia mbele peke yake. Anayekimbia mbele ndiye anayenitia wasiwasi kuliko anayechoka. Kwetu mtu wa polepole kuliko wote anatangulia, na wengine wote wanamfuata kwa mwendo wake. Akiwekwa nyuma anahangaika kuwafikia, na akiwafikia wanainuka kuondoka, hivyo hapumziki kamwe. Akiwekwa mbele anapumua, na kundi halikatiki. Mtu wa mwisho awe mzoefu, mwenye begi la dawa.

Mnamalizia Muttrah kwa karak, chai ya maziwa yenye viungo, kando ya bahari, na mtu aliyekuwa na hofu anauliza Ijumaa ijayo tunakwenda wapi.

Maji, na dalili za joto

Lita tatu kwa kila mtu ndiyo chini kabisa, na Jebel Shams nabeba nne. Ni kilo nne mgongoni, najua. Beba. Theluthi moja ni ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya mwisho ni ya bahati mbaya. Theluthi ya kwanza ikiisha kabla ya saa ya kugeuka, mnageuka, hata kama kilele mnakiona.

Maji matupu hayatoshi kwa anayetoka jasho saa nne mfululizo. Nabeba pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji, na chakula chenye chumvi: mayai ya kuchemsha, kachori, chapati zilizokunjwa na maharage. Tende ziko kila duka, na hakuna kitu kinachorudisha nguvu upesi kuliko tende tatu na maji.

Mtazame mwenzako. Anayepigwa na joto huanza kwa kunyamaza. Kisha kichwa kinamgonga, anajikwaa, anasema anahisi baridi juani, ngozi inamsisimka. Mketishe kivulini, mlegeze nguo, mloweshe shingo na kwapa, mpepee, mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Akianza kuongea yasiyoeleweka, au mwili ukawaka moto, hiyo si ya kungoja apoe: endelea kummwagia maji huku mtu mwingine anapiga 9999. Usimnyweshe mtu aliyechanganyikiwa, maana maji yatakwenda njia ya hewa.

Viatu: soli yenye meno, ulivyokwisha kuvivaa walau wiki mbili. Soksi jozi mbili. Kofia pana. Taa ya kichwani hata kama mnatoka asubuhi. Inatosha.

Wadi

Kwa aliye nyumbani, wadi ninayoisema si ya wagonjwa. Ni bonde la mto kati ya milima, aghalabu kavu, pengine lenye madimbwi ya kijani ambayo ukiyaona utadhani umeota. Na ndilo jambo ninaloliogopa hapa kuliko kuporomoka mlimani.

Mlima wa udongo na miti hunyonya mvua. Mlima wa mawe haunyonyi. Mvua ikinyesha juu, yote inateremka kwa pamoja, inaingia korongo moja jembamba, na ukuta wa maji unawafikia watu ambao juu yao mbingu ni samawati safi. Hilo ndilo la kulishika. Usiangalie wingu lililo juu yako, angalia lililo juu ya mlima ambako maji yanatoka, hata kama ni mbali.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa kwenye wadi moja upande wa Rustaq, watu sita, tumetandika mkeka kwenye changarawe katikati. Asubuhi tulipopita kijijini tulikuwa tumemsalimia mzee mmoja mlangoni pake, na aliposikia tunavyozungumza akatujibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, akatupa tende. Kama saa saba hivi tukamwona juu ya ukingo, anapunga kilemba.

"Wanangu, pandeni! Pandeni sasa hivi, acheni vitu!"

Hatukuuliza. Tulipanda na watoto wa rafiki yetu mgongoni, mkeka na sufuria tukaviacha. Upepo ulikuwa umegeuka baridi na unanukia udongo. Kijito kilichokuwa cheupe kikawa cha chai ya maziwa, vijiti na majani yakaanza kupita, halafu ukaja mlio kama lori linalomwaga mawe. Mahali tulipokuwa tumekaa pakawa mto wa kifua cha mtu. Tulipofika kwake tulimwambia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, na sauti hazikutoka vizuri. Akasema, "Marahaba. Mlima ule ukivaa wingu, wadi hii si ya kukaa."

Kwa hiyo sasa: Alhamisi nasoma tahadhari za hali ya hewa za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ndiyo inayozitoa Oman. Kukiwa na mvua popote Hajar, tunakwenda pwani. Tukiingia wadi, kila baada ya robo saa mtu mmoja anaonyesha kwa kidole mahali pa kupandia. Hatuketi katikati, hatuegeshi gari kwenye kitanda cha mto, hatulali humo usiku. Maji yakibadilika rangi tunapanda juu, hatukimbii kufuata mto, kwa sababu maji yana mbio kuliko sisi. Na barabara iliyofunikwa na wadi haivukwi, hata gari liwe kubwa namna gani. Polisi wanaadhibu wanaovuka, na wana haki. Waliokuwapo pwani ya Batinah Oktoba 2021, kimbunga cha Shaheen kilipopiga, hawahitaji kuelezwa.

Baada ya haya yote, nenda Wadi Shab. Nenda kabisa. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa barabara ya Sur, karibu na Tiwi. Mashua ndogo inakuvusha pale mwanzoni, na muulize nahodha mashua ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi. Unatembea kama dakika 45 kati ya kuta za mwamba, mitende na falaj, yaani mifereji ya maji ya wenyeji, mpaka kwenye madimbwi. Wanaoogelea huendelea dimbwi hadi dimbwi, hadi kwenye ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu, na ndani yake kuna pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea anabaki dimbwi la kwanza, na mmoja anayejua anabaki naye, kwa zamu. Sisi wa Tanga tusijisifu kwa kuzaliwa pwani, maana wengi wetu bahari tuliitazama tu. Nunua majaketi ya kuelea mawili, yanadumu miaka. Simu kwenye mfuko usioingia maji. Kina dada, suruali ndefu ya kubana na shati refu, kwa kuwa ni njia ya wenyeji.

Ukiona falaj, usioge wala usinawe juu yake. Sehemu ya kwanza ni ya kunywa, kisha ndipo msikiti na kufulia, kisha mashamba. Mpangilio huo ni wa karne nyingi.

Jebel Shams

Njia ninayoipenda kuliko zote inaanzia Al Khitaym na kukumbatia ukuta wa korongo la Wadi Nakhr hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab. Nyumba za mawe bado zimejibanza chini ya mwamba, na matuta ya mashamba yapo, yamekauka. Kwenda na kurudi ni kilomita saba hivi, na tunatenga saa nne. Si mteremko mkali, ila kurudi ndiko kunakopanda.

Upande mmoja ni ukuta, mwingine ni shimo la mamia ya mita. Njia ni pana kiasi cha kutosha. Anayeogopa urefu hukaa upande wa ukuta, mkono kwenye mwamba, macho kwenye visigino vya aliye mbele. Picha hupigwa mkiwa mmesimama, si mkitembea. Mbuzi watawafuata, na chakula kisifunguliwe mpaka kila mtu amekaa. Pale mwanzoni watoto huuza vikuku vya sufu walivyosuka. Nunueni kimoja kimoja.

Kutoka Muscat ni zaidi ya saa tatu kupitia Nizwa na Al Hamra, na juu unaweza kukuta kipande cha vumbi na kokoto. Kodisha gari linalovuta magurudumu yote manne, na usome mkataba wa bima kabla ya kuweka sahihi. Rafiki yangu alilipa jiwe lililovunja chini ya gari kwa mshahara wa mwezi, kwa sababu bima iliishia pale lami ilipoishia. Kushuka tumia gia ndogo, usikalie breki, zitaungua. Kwenda Jebel Akhdar polisi wa kizuizini Birkat al Mouz hukagua aina ya gari kwa sababu hiyo hiyo. Desemba na Januari beba sweta na kofia ya sufu, kwa kuwa usiku huko baridi inakaribia sifuri.

Gharama tunagawana kabla ya kuondoka: gari, petroli, chakula. Dereva halipi petroli. Dada wa Korogwe tunamhesabia nusu, naye huleta mahamri ya hiliki ambayo peke yake yanazidi nusu hiyo.

Kurudi ndiko tunakosahau wengi. Mmetembea, mmekula, gari lina kiyoyozi, na barabara ya Nizwa imenyooka. Kabla ya kuwasha gari, dereva alale dakika ishirini huku wengine wakikunja vitu kimyakimya. Aliyekaa kando yake hasinzii, ndiyo kazi yake. Na hesabuni vichwa mara mbili, watu wawili tofauti, kabla mlango wa mwisho haujafungwa.