Somo: Kutumia Kiingereza Montréal bila kukwama

Wengi wanaojiandaa kwenda Montréal, Kanada, huhofia mazungumzo. Katikati ya jiji hilo utaongea Kiingereza hotelini, mgahawani na dukani bila tabu, na mhudumu akisikia unasitasita, mara nyingi atabadili lugha mwenyewe. Kinachokwamisha wageni ni maandishi. Kifaransa ndiyo lugha rasmi pekee ya jimbo la Quebec, na Sheria 101 ya mwaka 1977 ilikipa nafasi ya kwanza kwenye mabango. Ndiyo maana hata alama ya kusimama barabarani imeandikwa ARRÊT. Somo hili kwa hiyo ni la macho zaidi kuliko mdomo.

Hatua ya 1: Kabla ya kuondoka

Pakua Kifaransa kwenye programu ya kutafsiri ya simu ili ifanye kazi bila intaneti, kisha zima data na uijaribu kwa kupiga picha maandishi yoyote ya Kifaransa. Usiitegemee kwa kila kitu. Menyu iliyoandikwa kwa chaki huisumbua, na vifupisho vya kwenye mabango huitoa nje kabisa ya maana.

Hatua ya 2: Salamu kwanza

Ukiingia popote sema "Bonjour" (bonzhur), subiri ujibiwe, ndipo uulize: "Parlez-vous anglais?" (parle vu angle), yaani "Unaongea Kiingereza?" Kuanza moja kwa moja kwa Kiingereza hakukatazwi, ila kunasikika kama kumwingilia mtu nyumbani bila hodi, na huduma unayopata inaweza kuonyesha hivyo. Ukisikia "Bonjour-Hi", umepewa uchaguzi: jibu kwa lugha unayotaka.

Hatua ya 3: Basi na metro

Kutoka uwanja wa ndege wa Trudeau, basi namba 747 linafanya kazi saa 24 na linafika kituo cha Berri-UQAM, ambako njia tatu za metro (treni ya chini ya ardhi) hukutana. Nunua tiketi kwenye mashine ukiwa bado ndani ya jengo. Mashine ina kitufe cha Kiingereza.

Metro ina njia nne: kijani, chungwa, njano na bluu. Vibao havikwambii unaelekea kaskazini au mashariki, vinataja kituo cha mwisho. Kwa hiyo kabla ya kushuka ngazi, jua jina la mwisho wa njia upande unaokwenda. Njia ya kijani, kwa mfano, ni Angrignon upande mmoja na Honoré-Beaugrand upande wa pili. Matangazo husomwa kwa Kifaransa. Ukisikia "interruption de service", treni zimesimama. Tazama abiria wengine wanafanya nini, kisha muulize aliye karibu.

Hatua ya 4: Anwani

Hapa ndipo watu hupotea kweli. Barabara ya Boulevard Saint-Laurent hugawa jiji mashariki na magharibi, na namba za majengo huanza upya kutoka hapo kwenda kila upande. Hivyo namba 300 Sainte-Catherine Est na namba 300 Sainte-Catherine Ouest ni sehemu mbili tofauti. Kwa kifupi huandikwa E na O. Aliyezoea Kiingereza hutafuta W na haioni. O ndiyo magharibi. Nakili anwani nzima, pamoja na herufi hiyo ya mwisho.

Hatua ya 5: Kula na kulipa

Kwenye menyu, "entrée" ni chakula cha kuanzia, si mlo mkuu. Mlo mkuu ni "plat principal". Bei huandikwa kwa mkato, 12,50 $, na kodi bado haijaongezwa. Juu yake utakuta TPS ya asilimia 5 na TVQ ya asilimia 9,975. Chakula cha dola 40 kitafika karibu dola 46, na bakshishi ya asilimia 15, ikihesabiwa kabla ya kodi, inaongeza dola 6 nyingine.

Mashine ya kadi ikikujia kwa Kifaransa: "pourboire" ni bakshishi na "NIP" ni namba ya siri. Ukishindwa, mrudishie mhudumu aibadili lugha kabla hujabonyeza chochote.

Saa za kufungua hufuata mtindo wa saa 24: "18 h 30" ni saa kumi na mbili na nusu jioni. "Ouvert" wamefungua, "fermé" wamefunga. Mlangoni, "poussez" sukuma, "tirez" vuta. Na bafuni, bomba likiwa na herufi C na F, C ni maji ya moto. Fungua taratibu.

Hatua ya 6: Ukikodi gari

Ndani ya kisiwa cha Montréal ni marufuku kukata kulia taa ikiwa nyekundu. Mabango ya maegesho hupangwa kadhaa kwenye nguzo moja, na lazima yote yakuruhusu. Angalia vifupisho: MAR ni Jumanne, MARS ndiyo mwezi wa tatu, MER ni Jumatano. Kuchanganya hivyo ndiko kunakoleta faini.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimesikia sheria inawakataza wauzaji kuongea Kiingereza. Ni kweli?

Jibu: Hapana. Sheria inampa mteja haki ya kuhudumiwa kwa Kifaransa; haimzuii muuzaji kukuhudumia kwa lugha nyingine. Huenda ulisikia habari za mwaka 2017, bunge la Quebec lilipowaomba wafanyabiashara wasalimie kwa "Bonjour" pekee. Lilikuwa azimio tu, halina adhabu.

Swali: Nina mzio wa karanga. Nitegemee Kiingereza?

Jibu: Kwa hili usitegemee mdomo pekee, ndugu yangu. Andika kwenye karatasi: "Je suis allergique aux arachides", na uombe ifikishwe kwa mpishi. Quebec karanga huitwa "arachides". "Cacahuètes" ni neno la Ufaransa zaidi. Hali ikiharibika piga 911, wanapokea kwa Kiingereza pia.

Swali: Nilisoma Kifaransa kidogo shuleni. Kitanisaidia?

Jibu: Sana, hasa kwenye kusoma. Ila majina ya milo yamesogea: "déjeuner" kule ni chakula cha asubuhi, "dîner" cha mchana, "souper" cha usiku. Ukialikwa "dîner", uliza saa. Lafudhi nayo itakushangaza siku za mwanzo. Omba "plus lentement, s'il vous plaît", yaani waongee taratibu.

Swali: Nikitoka Montréal kwenda jiji la Québec, mambo ni yale yale?

Jibu: Hapana, dada. Ndani ya mji mkongwe, Vieux-Québec, wahudumu wa watalii wanaongea Kiingereza. Ukitoka nje ya kuta zake, tarajia Kifaransa zaidi: kituo cha mafuta, duka la mtaani, basi. Nenda na anwani ya hoteli iliyoandikwa, tafsiri iliyopakuliwa, na salamu ya Hatua ya 2 ikiwa tayari mdomoni.